Uliyeachia shule njiani: kabla hujalipia mtihani wa QT, kaa chini na karatasi kwanza

MamaWaKikoba (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, na shikamoo kwa walionitangulia umri.

Januari 2020 nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mapokezi ya chuo kimoja cha uuguzi, bahasha mapajani. Ndani yake kulikuwa na matokeo yangu ya kidato cha nne niliyoyachapisha steshenari: Kiswahili B, Uraia C, Historia C, Jiografia D, Kiingereza D, Hesabu F. Nilikuwa na miaka 33, na nilikuwa nimevaa gauni la kanisani, maana kwangu siku ile ilikuwa sikukuu. Dada wa mapokezi aliisoma karatasi mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Mama, Biolojia na Kemia ziko wapi?"

Sikuwa nazo. Nilikuwa nimesoma miaka miwili ya jioni, nikiota uuguzi kila nikifumba macho, bila kujua kwamba uuguzi unadai masomo hayo.

Nirudi nyuma kidogo ili mnielewe. Niliondolewa shule mwaka 2003 nikiwa kidato cha pili, kwa sababu ya ujauzito. Enzi zile ilikuwa hivyo, unapimwa, mzazi anaitwa, jioni unarudi nyumbani na begi lako. Niliuza chapati na supu hapa Morogoro miaka mingi, mwanangu akakua. Kwenye kikoba chetu mimi ndiye nilikuwa katibu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Mwaka 2017 tulikuwa tunaandika katiba ya kikundi, na mama mmoja mtu mzima, mwenyekiti wetu, akaishika ile karatasi akasema, "Mwanangu, wewe unayeandika hivi unafanya nini kwenye sufuria? Rudi shule."

Maneno hayo tu. Lakini yalinikaa. Januari 2018 nikajiandikisha masomo ya jioni, yale ya hatua mbili: kidato cha kwanza na cha pili mwaka mmoja kisha unafanya QT, ule mtihani wa maarifa unaokufungulia njia ya kidato cha nne, halafu cha tatu na cha nne mwaka unaofuata. Tulikuwa tunaanza saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, kwenye madawati ya watoto wa shule ya msingi, magoti yanagonga ubao. Mwanzoni darasa lilijaa hadi wengine wakaketi dirishani. Siku ya QT tulikuwa tumebaki safu mbili.

Mimi nilibaki kwa sababu ya mwezeshaji wetu mmoja. Ukikosa siku mbili anakupigia. Mwezi Julai mwanangu aliugua malaria, biashara ikalala, nikaacha kwenda. Akanifuata hadi kwenye meza yangu ya chapati, akanunua mbili, akala amesimama, akasema, "Nafasi yako mbele kushoto bado ipo, nimewakataza watu kuikalia." Nilirudi Jumatatu yake. Kwa hiyo mtu asije kuniambia kutiwa moyo ni maneno matupu. Bila yule mtu leo nisingekuwa naandika hapa.

Lakini kuna jambo lilikosekana, nalo ndilo limenifanya nifungue uzi. Katika miaka yote miwili hakuna aliyeniuliza ninataka kwenda wapi. Wakati wa kujisajili NECTA, baraza la mitihani, nilichagua masomo ya sanaa kwa sababu kituo hakikuwa na maabara na kila mtu alisema sanaa zinafaulika. Nami nilitaka kufaulu. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote kuelekea mlango ambao haukuwa wangu.

Nilivyotoka kule chuoni nililala wiki nzima. Kisha nikamrudia yule mwezeshaji, sikuenda kumlaumu, nilikuwa tu sina mtu mwingine wa kumwambia. Alisikiliza, akanyamaza kitambo, akasema, "Tulikuuliza utafaulu masomo gani. Hatukukuuliza unakwenda wapi. Hapo tumekukosea." Halafu akatoa karatasi.

Aliniambia niandike kazi ninayoitaka chini kabisa ya ukurasa. Juu yake chuo kinachoifundisha. Juu ya chuo, masomo na alama ambazo chuo kinadai. Juu yake ada na nauli. Juu kabisa, saa nilizonazo kwa siku baada ya biashara na mtoto. Ukimaliza, unaisoma kuanzia chini kwenda juu, na pale inapokatika ndipo pana kazi ya kufanya.

Kisha akaniuliza swali ambalo hadi leo nawauliza wenzangu: kwenye uuguzi unapenda nini hasa? Nikafikiri sana. Sindano? Hapana. Nilikumbuka usiku nilipojifungua mwaka 2004, peke yangu, nyumbani wamenikasirikia, na nesi mmoja akanishika mkono hadi asubuhi. Nilichotaka ni kuwa mtu wa kumshika mwanamke mkono wakati watu wamemwacha. Akasema basi una njia mbili. Ya kwanza, tafuta kituo chenye maabara, usome masomo ya sayansi ambayo chuo kinayadai, ufanye tena mtihani, kisha miaka ya chuo. Inawezekana, lakini hesabu ada na hesabu miaka. Ya pili, cheti cha maendeleo ya jamii: hapo D nne ukiacha za dini zinakuingiza, na wewe unazo tano za kupita.

Sikukubali papo hapo. Akanituma nikakae siku mbili ofisi ya kata na afisa maendeleo ya jamii, nimtazame tu anavyofanya kazi. Siku ya kwanza nilimwona akisaidia kikundi cha akina mama kuandaa andiko la mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Siku ya pili aliletwa binti aliyepigwa na mumewe, na yule afisa akamsindikiza mwenyewe hadi dawati la jinsia polisi. Nikarudi nyumbani nikiwa nimeamua.

Nilimaliza stashahada mwaka 2023. Kwa sasa niko kwa mkataba kwenye mradi unaohudumia vikundi vya wanawake. Ajira ya serikali bado naomba.

Naomba tuelimishane. Wewe uliyerudi shule ukubwani, nani alikutia moyo, na nani alikuonyesha njia? Maana nimegundua mara nyingi hawa ni watu wawili tofauti, na wa pili ndiye tunayemkosa.

Boda_Kihonda

Dada, umenigusa sana. Mimi la saba nilimaliza 1996, sasa nina miaka 43, niko kijiweni. Kila nikiuliza naambiwa umri ni namba tu, komaa. Nataka kuanza QT mwakani. Niambie ukweli, nimechelewa?

MamaWaKikoba

Kaka yangu, kusoma hujachelewa. Ila kwa kuwa umeomba ukweli, nitakupa wote.

Matangazo mengi ya kazi kwenye Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za serikali, yanadai mwombaji awe na umri usiozidi miaka 45. Ukianza mwakani, QT, kisha kidato cha nne, kisha cheti, utakuwa umeshapita hapo. Mkopo wa elimu ya juu nao una ukomo wa miaka 35. Kwa hiyo anayekuambia umri ni namba tu anakupenda, lakini hajakusaidia. Ukisoma ukitegemea ajira ya serikali utafika mwisho ukute geti limefungwa, na utaichukia elimu yote.

Sasa nikuulize mimi. Kijiweni unaendesha tu, au kuna kingine unachofanya ambacho watu wanakufuata?

Boda_Kihonda

Natengeneza pikipiki. Wenzangu wote zikiharibika wananiletea mimi, hata injini nashusha. Sikuwahi kufundishwa na mtu.

fundi_waya

Mkuu wa Kihonda, soma hapa vizuri, kwa sababu yako ni kama yangu.

Mimi nilikuwa fundi umeme wa mtaani miaka kumi na moja. Nyumba nzima nafunga waya mimi, lakini mteja akitaka kuunganishiwa umeme fomu inatakiwa mhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Nilikuwa na mtu wangu mmoja mwenye leseni, anakuja dakika kumi, anatazama, anagonga mhuri, anachukua karibu nusu ya nilichopata kwa wiki. Miaka yote hiyo nilijua leseni ni ya watu waliosoma chuo kikuu. Ndivyo nilivyoambiwa nikiwa saidia fundi, na sikuuliza tena.

Siku moja mteja, mzee mstaafu, akaniuliza kwa nini sina leseni. Nikamwambia sijasoma. Akasema, "Umeenda kuuliza wapi ukajibiwa hivyo?" Nikakosa jibu. Sikuwahi kwenda popote! Kesho yake nikaenda VETA, kwa watu wa mafunzo ya ufundi stadi, nikakuta leseni zina madaraja, na kuna la watu wenye cheti cha ufundi kama ninachoweza kukipata. Nikasoma jioni, nikapata cheti, nikaomba leseni. Sasa mhuri ni wangu.

Kwako wewe wa pikipiki kuna kitu kinaitwa urasimishaji wa ujuzi. VETA wanampokea mtu aliyejifunzia kazini, wanampima anachokijua, palipopungua wanampiga msasa, kisha anapewa cheti. Huanzi tena darasani kama mtu asiyejua spana. Nenda chuo cha VETA kilicho karibu nawe ukaulize wanapokea lini mafundi wa pikipiki. Nenda kwa miguu yako, usiulize kijiweni.

Mwezeshaji_wa_Jioni

Nimesoma uzi huu mara mbili. Nimefundisha madarasa ya jioni miaka mingi, siko kituo cha mleta uzi, lakini ile sentensi ya "hatukukuuliza unakwenda wapi" imenichoma kwa sababu nami nimewakosea watu hivyo hivyo. Tunapimwa kwa idadi ya waliofaulu. Mtu akija na masomo magumu tunamshawishi ayaache ili matokeo ya kituo yapendeze. Hilo lipo, na linaumiza watu wazima kuliko watoto, kwa sababu mtoto akipotea njia ana miaka ya kurudi.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba nchi hii ililijua jambo hili zamani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na ilipofika Desemba akataja wilaya sita zifute ujinga wa kusoma na kuandika kabla 1971 haijaisha: Ukerewe, Mafia, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Rungwe. Lakini hata kabla ya hapo, kuanzia 1968, kulikuwa na mradi uliosaidiwa na UNESCO huku Kanda ya Ziwa, makao yake Mwanza, na vitabu vyake vya kisomo havikuanza na a e i o u za kukariri hewani. Mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu cha pamba. Mvuvi kwa kitabu cha uvuvi. Wa Bukoba kwa kitabu cha migomba. Kiliitwa kisomo chenye manufaa, na mtu mzima alivumilia taa ya kandili usiku kwa sababu alichosoma jioni alikitumia shambani asubuhi. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia 1986 walikuwa wamebaki kama 1 kati ya 10. Wimbo na hamasa vilikuwepo, ndiyo, redio iliimba kila siku, na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya watu vijiji vizima kwenye vikundi vya kusikiliza. Lakini hamasa ile ilikuwa na kazi ndani yake, mtu alitoka kikundini akaenda kuchimba choo.

Siku hizi tumebaki na hamasa, kazi tumeiacha mlangoni. Mimi tangu mwaka juzi nina utaratibu wangu. Wiki mbili za kwanza sifundishi somo. Kila mwanafunzi anasema alipotoka na anapotaka kufika, na kila mmoja anatumwa kwenda kuuliza mahali pamoja halisi: chuo, ofisi ya kata, karakana, zahanati. Akirudi anawaeleza wenzake alichojibiwa. Wengine hubadilisha mawazo kabisa. Kuna mama alikuja akitaka ualimu, akaenda kuuliza, akarudi akasema anataka kusoma mifugo kwa sababu tayari ana kuku mia mbili nyumbani. Huyo amejisajili masomo ya sayansi tangu mwanzo, na Jumamosi anapanda daladala kwenda kituo chenye maabara.

Na nimeona kitu: wanaoacha njiani wamepungua darasani kwangu. Mtu anayejua Kemia inampeleka wapi, hata akipata 12 kwenye jaribio, anarudi.

Nuru_ya_Kusini

Naheshimu mnachosema, lakini mimi nina digrii ya 2019 na niko nyumbani nauza vitenge. Mnawatia moyo watu wazima waache biashara zinazowalisha waende kutafuta vyeti ambavyo sisi vimetushinda. Je, hamuoni mnawaumiza? Nauliza kwa nia njema.

MamaWaKikoba

Swali lako ni zito, na halistahili kujibiwa kwa "usikate tamaa".

Kwanza pole, mdogo wangu. Najua inavyouma kusoma halafu kukaa. Pili, mimi sikuacha chapati hadi mwaka wa pili wa stashahada, na namwambia kila mtu asifunge biashara. Masomo ya jioni yapo kwa sababu hiyo.

Tatu, kuna tofauti ambayo nimeiona. Wewe uliingia chuo ukiwa na miaka 19 au 20, pengine kozi ulichaguliwa na alama zako. Mtu wa miaka 35 tayari ana kitu mkononi: ana wateja, ana shamba, ana kikundi, ana ufundi. Akielekezwa vizuri, cheti kinaongezwa juu ya kitu ambacho tayari kipo. Fundi waya hapo juu hakutafuta kazi, kazi alikuwa nayo, alikosa mhuri. Akielekezwa vibaya, ndiyo, ataishia kukaa na cheti kama wewe, na madeni juu. Ndiyo maana nimesema mwanzo karatasi kwanza, ada baadaye.

Na wewe pia, ukiniruhusu: vitenge unauza kwa nani? Digrii yako ni ya nini?

Nuru_ya_Kusini

Biashara na masoko. Nauza kwa walimu na manesi kwa mkopo, wanalipa mwisho wa mwezi. Nimesoma swali lako nikabaki nalitazama. Sikuwahi kuviweka hivi viwili kwenye karatasi moja.

Baba_Esta_Mbeya

Naomba niseme upande wa waume, maana hapa hamjaugusa.

Mke wangu aliporudi shule mwaka 2021 mimi nilikataa. Sikumpiga, sikumtukana, nilinuna tu, na kununa kwa mume nyumbani ni kama kufunga mlango. Akirudi saa tatu usiku anakuta watoto hawajala, ninakaa kimya. Alikuwa anasoma jikoni baada ya kuosha vyombo. Nilifikiri akisoma ataniacha. Hilo ndilo lilikuwa moyoni mwangu, na sikumwambia mtu.

Siku moja kituo chao kiliita wenza wa wanafunzi. Nilikwenda kwa shingo upande. Mwalimu hakutuhubiria. Alimwomba kila mwanafunzi amweleze mwenzake mbele ya watu, kwa dakika chache, anasoma ili afanye nini. Mke wangu akasimama akasema anataka kusoma uhasibu ngazi ya cheti ili duka letu liache kupoteza hela, na akataja ni shilingi ngapi tulipoteza mwaka uliopita kwa sababu ya kukopesha bila daftari. Nilikuwa sijui hiyo hesabu! Kumbe alikuwa anasomea duka letu, na mimi nilikuwa nadhani anasomea safari ya kuondoka.

Kuanzia usiku ule ugali napika mimi siku za masomo. Wanangu wanasema wangu ni mgumu, lakini wanakula. Namshukuru Mungu kwa kile kikao. Mngewaita waume mapema, wengi wasingeacha shule.

Mama_Pacha23

Baba Esta, shikamoo na asante. Nimelia.

Nauliza kwa mleta uzi. Nina miaka 23 na mapacha wa miaka miwili. Niliacha kidato cha tatu. Bibi ninayeishi naye ni mgonjwa, sina wa kuniachia watoto jioni. Nifanyeje?

MamaWaKikoba

Mwanangu, mambo mawili.

Tangu tamko la serikali la Novemba 2021 aliyeacha shule kwa ujauzito anaweza kurudi kwenye mfumo rasmi, jambo ambalo enzi zangu halikuwepo. Lakini kwa hali yako ya watoto nakushauri uulize kwanza chuo cha maendeleo ya wananchi. Viko 54 nchini, vilianza 1975, wazo lilitoka Sweden. Siku hizi vingi vinawapokea mabinti walioacha sekondari, wanasoma masomo ya kidato pamoja na ufundi, na vina mahali pa kulelea watoto wakati mama yuko darasani. Uliza swali hilo moja kwa moja ukifika: je, hapa mna malezi ya watoto, na wanaanza umri gani?

Na ukifika usichague ushonaji kwa sababu mabinti wote wamechagua ushonaji. Tembea mtaani kwenu kwanza, hesabu mafundi cherehani, hesabu mafundi bomba, ndipo uamue.

Steshenari_Sabasaba

Naongeza jambo dogo linaloua ndoto za watu wazima wengi, nimelishuhudia kwa sababu nawajazia fomu.

MAJINA. Mama amemaliza la saba kwa jina la baba yake. Ameolewa, kitambulisho cha NIDA kina jina la mume. Akija kujisajili mtihani anatumia la NIDA. Miaka mitatu baadaye anaomba kazi, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile, na anaanza kukimbizana na viapo vya mahakamani wakati tarehe ya maombi inaisha. Kabla ya kujisajili, weka cheti cha kuzaliwa, cha la saba na NIDA mezani, uhakikishe vinasema mtu mmoja. Kama havisemi, tengeneza kwanza.

La pili, slipu ya matokeo siyo cheti. Matangazo ya Ajira Portal yanasema wazi slipu haikubaliki. Rudi kituo ulichofanyia mtihani ukachukue cheti chako halisi. Nina watu walifanya mtihani miaka mitano iliyopita hawajawahi kukichukua.

La tatu, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, ukichelewa unalipa na faini. Ukishafungwa, somo ulilosahau kulijaza limekwisha hadi mwaka mwingine.

Jirani_Eldoret

Salamu kutoka Kenya. Huku masomo ya watu wazima wazee wetu waliyaita ngumbaru, na jina hilo lilikuwa na aibu ndani yake. Mzee Kimani Maruge ndiye aliyetufundisha kuacha aibu. Aliingia darasa la kwanza hapa Eldoret Januari 2004 akiwa na miaka 84, kwa kuwa elimu ya msingi ilikuwa imefanywa ya bure mwaka mmoja nyuma, na alijua anachotaka: kujisomea Biblia kwa macho yake mwenyewe. Nimekumbuka hilo nikisoma habari ya karatasi. Mzee yule aliandika safari yake kuanzia mwisho hata kabla hajashika kalamu.

Mimi ni mshonaji, nilifanya KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, nikiwa na miaka 38. Aliyenitia moyo ni binti yangu, tulifanya mtihani mwaka mmoja. Alama yangu ilikuwa ndogo kuliko yake. Nilikuwa tayari kujificha, lakini afisa wa elimu ya watu wazima akanieleza kwamba kozi za ngazi ya fundi stadi kwenye vyuo vya ufundi hazingoji alama kubwa. Kama hangenieleza, ningeitupa ile karatasi ya matokeo.

Boda_Kihonda

Wakuu, nimerudi.

Leo nilipaki pikipiki nikaenda chuo cha VETA mwenyewe kama fundi waya alivyosema. Mlinzi akanielekeza kwa mwalimu wa magari. Nikamweleza ninavyoshusha injini. Akaniuliza maswali, mengine nilijibu, ya umeme wa pikipiki nilishindwa. Akasema hapo ndipo nitakapopigwa msasa, nisubiri tangazo la wanaopimwa, na kwa sasa nikalete barua ya serikali ya mtaa na namba ya NIDA. Nimeandikisha jina.

Karatasi nimeijaza usiku huu, mke wangu ndiye ameandika kwa sababu mwandiko wake ni mzuri. Chini kabisa tumeandika: gereji yenye kibao, Kihonda. Juu yake cheti cha ufundi pikipiki. Juu yake kusoma mita na michoro ya umeme. Hapo nimekwama, michoro yote ina maneno ya Kiingereza. Kwa hiyo QT bado naitaka, dada, ila sasa najua naitakia nini. Nianze na Kiingereza na Hesabu peke yake kwenye tuisheni mwaka huu, au nijisajili masomo yote kwa mkupuo?

MamaWaKikoba

Anza na hayo mawili. Mwambie shemeji Jumamosi mje wote wawili na hiyo karatasi, kikoba tunakutana saa tisa alasiri, yule mwezeshaji wangu atakuwepo.